cAdvisor: kipimo kinachoonyesha kontena limenyimwa nini

Kipimo cha prosesa na memori za kontena (programu inayoendeshwa ikiwa imetengwa na nyingine kwenye mashine ileile) nakihukumu kwa swali moja: je, kinaniambia kontena limenyimwa nini? Vipimo vingi hujibu swali jingine, la kontena limetumia kiasi gani, na jibu hilo peke yake limewapoteza mafundi wengi niliofanya nao kazi. Watumiaji wanalalamika kwamba programu inasuasua. Fundi anafungua kipimo, anaona prosesa imetumika asilimia chache tu, basi anaamini tatizo liko kwenye hifadhidata au kwenye mtandao, na siku nzima inakwenda kwa kumtafuta mchawi asiyekuwepo. cAdvisor ndiyo zana niliyokaa nayo kwa muda mrefu na ndiyo ninayoipendekeza, na sababu kubwa ni hiyo: inaonyesha kunyimwa. Kasoro inazo, na baadhi zinaudhi kweli. Nitazitaja.

Kwa asiyeijua, ni programu huria iliyotolewa na Google mwaka 2014, imeandikwa kwa lugha ya Go, na leseni yake ni Apache 2.0. Inakaa kwenye mashine, inatambua kila kontena linalowashwa humo, na inasoma hesabu ambazo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaziweka kwa kila kontena. Mpimaji halisi ni kerneli, kupitia mfumo wa cgroup, unaohesabu na kuwekea mipaka rasilimali za kila kundi la programu, ambao wahandisi wa Google walianza kuuandika mwaka 2006 na ukaingia kwenye Linux 2.6.24 mwanzoni mwa 2008. Kwenye mashine yenye toleo la pili la mfumo huo, ingia ndani ya kontena ufungue faili la /sys/fs/cgroup/cpu.stat. Utakuta mistari michache tu. usage_usec ni jumla ya muda wa prosesa uliokwisha kutumika, kwa mikrosekunde. nr_periods ni vipindi vilivyopita kontena likiwa na kazi, nr_throttled ni vile ambavyo kontena lilibanwa, yaani lilisimamishwa kwa kufika kikomo, na throttled_usec ni muda lililosimama. Ukijua kusoma faili hilo umeshaijua nusu ya cAdvisor. Nusu nyingine ni kwamba inakusomea mafaili hayo ya makontena yote kwa pamoja, inazipa namba majina yanayoeleweka, na inazitoa kwa namna ambayo Prometheus, programu ya kukusanya vipimo, inaweza kuzivuta na kuzitunza.

Wapo wanaoingia ndani ya kontena na kuandika free au top, amri za Linux za kuonyesha matumizi ya memori na prosesa. Majibu yanayotoka humo ni ya mashine nzima, maana /proc/meminfo haijatengwa kwa kila kontena. Kontena limepewa megabaiti 512, free inakwambia kuna gigabaiti 64. Uamuzi wowote unaojengwa juu ya namba hiyo umeshaharibika.

Hatua inayofuata kwa wengi ni docker stats, amri ya Docker, programu ya kuendesha makontena. Siidharau: ipo tayari, haihitaji kusakinisha kitu, na ukiiongezea --no-stream inakupa picha moja na kutoka. Ila asilimia yake ya prosesa huhesabiwa kwa kori moja, kwa hiyo kwenye mashine ya kori nane inaweza kufika 800%, na haina habari kabisa na kikomo ulichoweka. Kontena lililopewa nusu kori na linaloitumia yote litaonyesha 50%, na asiyejua atasema bado kuna nafasi ya kutosha. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba habari za kubanwa Docker inazo. Ukiiuliza API yake moja kwa moja utaikuta sehemu inayoitwa throttling_data, yenye vipindi na muda uliobanwa. Amri ya docker stats haiichapishi. Safu moja zaidi kwenye jedwali lile ingewaokolea watu saa nyingi mno.

Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena kwenye mashine nyingi, kuna amri ya kubectl top, inayotegemea kikusanyaji kiitwacho metrics-server. Hiyo kwa kawaida hukusanya kila sekunde 15, na waandishi wake wenyewe wanasema wazi kwamba haikukusudiwa kuwa mfumo wa ufuatiliaji. Kazi yake ni kuilisha mitambo inayoongeza na kupunguza podi (kontena moja au zaidi yanayoendeshwa pamoja). Nawaheshimu kwa kulisema hilo bila kuzungusha. Itumie kujua hali ya sasa hivi, uishie hapo.

Nieleze mfano mmoja kwa kirefu, maana hapa ndipo cAdvisor ilipojipatia nafasi kwangu.

Huduma ya kupokea oda, imeandikwa kwa Go, inakaa kwenye mashine ya kori nane. Kikomo chake cha prosesa kiliwekwa 500m. Kwenye Kubernetes 1000m ni kori moja, hivyo hiyo ni nusu kori. (Kwa jambo hili la vipimo, tahadhari: herufi m upande wa memori ina maana ileile ya sehemu ya elfu, kwa hiyo anayeandika 400m kwenye memori anaomba sehemu 0.4 ya baiti moja. Megabaiti ni 400M, na ile inayohesabiwa kwa misingi ya mbili ni 400Mi. Kosa hilo la herufi moja limelaza huduma nyingi.)

Oda zilikuwa zinakuja kwa mafungu: kimya kidogo, kisha maombi manane kwa mkupuo, kisha kimya tena. Kila ombi lilihitaji kama milisekunde 10 za prosesa. Sasa fuata hesabu. Kerneli haikati nusu kori kwa kuipunguza prosesa kasi. Inagawa muda katika vipindi vya milisekunde 100, na nusu kori maana yake ni ruhusa ya kutumia milisekunde 50 za prosesa ndani ya kila kipindi. Programu hii, kwa kuwa iliona kori nane za mashine, ilifungua njia nane za kufanya kazi sambamba. Njia nane zikikimbia pamoja, milisekunde 50 zinaisha ndani ya takriban milisekunde 6 za saa ya ukutani. Baada ya hapo kerneli inalisimamisha kontena zima hadi kipindi kipya kianze. Maombi manane yaliyokuwa yamebakiza milisekunde 4 tu kila moja yanakaa yakisubiri zaidi ya milisekunde 90 bila kufanya lolote. Kazi ya milisekunde 10 inamfikia mtumiaji baada ya 100 na ushee.

Na wastani unasemaje? Fungu moja kwa sekunde ni maombi manane mara milisekunde 10, yaani milisekunde 80 za prosesa ndani ya sekunde nzima. docker stats inaonyesha asilimia 8. Ukipima dhidi ya kikomo ni asilimia 16. Grafu imelala, ya kijani, haina wasiwasi wowote, na kila mtumiaji anasubiri mara kumi ya muda unaostahili.

cAdvisor inatoa hesabu mbili zinazofichua hali hiyo, na ulinganisho wake ndio wa kwanza ninaouweka kwenye ubao wa Grafana (programu ya kuchora grafu) wa huduma yoyote:

rate(container_cpu_cfs_throttled_periods_total[5m]) / rate(container_cpu_cfs_periods_total[5m])

Jibu ni sehemu ya vipindi ambavyo kontena lilibanwa. Kwa ile huduma ya oda lilitoka karibu nusu. Kikomo kikapandishwa hadi kori moja, milisekunde 80 zikaenea ndani ya 100, na kusubiri kukaisha. Wastani wa matumizi haukusogea hata kidogo, ulibaki asilimia nane ileile, maana kazi ilikuwa ileile. Hakuna grafu ya matumizi ambayo ingeweza kuonyesha tofauti ya kabla na baada.

Kwa huduma inayomjibu mtu papo kwa papo, uwiano huo ukipita asilimia tano naanza kuuchunguza. Kwa kazi za usiku, za kutengeneza ripoti au kubana mafaili, hata ukifika nusu nauacha, kwani hakuna anayesubiri mlangoni. Na kabla ya kulaumu kikomo, tazama programu inaona kori ngapi. Go ilianza kuheshimu kikomo cha kontena yenyewe kuanzia toleo 1.25, la mwaka 2025. Kabla ya hapo ilihesabu kori zote za mashine, labda uweke GOMAXPROCS (idadi ya njia sambamba) kwa mkono. Java ilijirekebisha mapema zaidi, toleo la 10 na 8u191, zote za 2018. Tazama pia umri wa kerneli: zile za kabla ya 5.4 zilikuwa na hitilafu iliyoyabana makontena yenye njia nyingi hata kabla hayajamaliza mgao wao, na kwenye mashine za kori nyingi ilikuwa mbaya sana. Ukikuta kubanwa kwingi na matumizi madogo kwenye seva ya zamani, anzia hapo.

Upande wa memori cAdvisor inatoa namba kadhaa, na wengi huchukua ya kwanza wanayoiona, container_memory_usage_bytes. Ndani ya namba hiyo mna memori ya programu yenyewe pamoja na kurasa za mafaili ambazo kerneli imeziweka karibu ili zisisomwe tena kutoka diski. Programu inayoshughulika na mafaili makubwa itaipandisha hadi iguse kikomo, ikae hapo wiki nzima, na pasiwe na hatari yoyote, kwa sababu kerneli ikihitaji nafasi itaziachia kurasa hizo. Nimeshuhudia huduma ya kuhifadhi picha ikiongezewa memori maradufu kwa kuuogopa mstari huo, na mstari ukapanda taratibu hadi ukagusa kikomo kipya.

Ya kuangalia kwanza ni container_memory_working_set_bytes, ambayo ni matumizi yote ukitoa kurasa za mafaili ambazo hazijaguswa karibuni. Ndiyo inayotumiwa na kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila mashine, kuamua podi gani ziondolewe mashine inapoishiwa memori, na ndiyo inayoonyeshwa na kubectl top. Hata hivyo usiichukue kama hukumu ya mwisho. Kurasa za mafaili yanayosomwa mara kwa mara hubaki ndani yake, kwa hiyo kontena linaloweza kupunguziwa linaonekana limejaa. Mimi huiweka sambamba na container_memory_rss, ambayo ni memori ya programu yenyewe. Mistari miwili ikienda pamoja, ninachokiona ndicho kilichopo. Ikiachana sana, naenda kusoma memory.stat ya kontena hilo mstari kwa mstari, na mara kwa mara anayepatikana ni mmoja wa wawili: mafaili yanayosomwa sana, ambayo hayana madhara, au mafaili yaliyowekwa kwenye tmpfs, yaani hifadhi ya mafaili iliyo ndani ya memori, kama /dev/shm, ambayo yana madhara makubwa. Vitu vya tmpfs vinahesabiwa kuwa memori ya kontena, na pasipo swap (sehemu ya diski ya kupokea yaliyozidi kwenye memori) kerneli haina pa kuvihamishia. Programu inayoandika mafaili ya muda huko bila kuyafuta inajimaliza polepole huku rss yake ikiwa imetulia.

Hapo tumefika kwenye udhaifu ambao lazima kila mtumiaji wa cAdvisor aujue. Hesabu ya prosesa inafanya kazi kama mita ya maji: inaongezeka tu, kwa hiyo hata ukiisoma mara moja kwa dakika, maji yaliyopita katikati yamo. Memori haina mita ya namna hiyo. Unachosoma ni kiwango cha wakati ule uliochungulia, na kilichopanda na kushuka kati ya usomaji mmoja na mwingine hukukiona. cAdvisor iliyomo ndani ya kubelet huchungulia kila baada ya sekunde 10 hivi, na Prometheus wengi huiweka ivute kila sekunde 30 au dakika nzima. Chukua programu inayofungua picha kubwa: ndani ya sekunde mbili memori inaruka kutoka megabaiti 300 hadi 512, inagusa kikomo, kerneli inaiua, kontena linaondoka na namba 137, yaani 128 kujumlisha ishara ya 9. Kwenye grafu unaona 300, 300, 300, kisha kontena jipya linaanza. Anayesoma grafu pekee anaapa kwamba memori haikuhusika.

Kerneli kuanzia 5.19 ina faili la memory.peak, linaloshika kilele cha juu kabisa tangu kontena lianze, na ninalisoma moja kwa moja kila ninapopanga vikomo. Ugumu ni kwamba kontena likiuawa, faili linakwenda nalo. Hesabu za cAdvisor nazo zina shida ya ukoo huohuo. Ipo container_oom_events_total, inayopaswa kukuambia kontena liliuawa mara ngapi kwa kukosa memori, lakini kontena linalozaliwa baada ya hapo lina kitambulisho kipya na linaanza kuhesabu upya, na lile la zamani linatoweka kwenye orodha, mara nyingine kabla Prometheus hajapita kulisoma. Tukio muhimu kuliko yote katika maisha ya kontena ndilo ambalo zana hii inalishika kwa mkono uliolegea. Kwa hilo siitegemei. Naangalia hali ya mwisho ya podi kwa kubectl describe, ambako neno OOMKilled linabaki limeandikwa, na tahadhari zangu zinatoka huko.

Kusakinisha si kazi. Kwenye Kubernetes tayari unayo, maana imejengwa ndani ya kubelet na namba zake zinapatikana kwenye njia ya /metrics/cadvisor. Kwenye Docker ya kawaida unaiwasha kama kontena, ukiipa /, /var/run, /sys na /var/lib/docker kwa kusoma tu, pamoja na /dev/kmsg, ambako inasoma taarifa za kerneli za mauaji ya memori. Hizo ni ruhusa nzito. Programu inayoona diski nzima ya mashine haifai kuachwa wazi, na mlango wake wa 8080 hauna neno la siri mpaka uweke mwenyewe. Uzuie kwenye mtandao wa ndani kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Ukurasa wake wa picha sikuupenda na bado siupendi. Unaonyesha kipande kifupi tu cha wakati uliopita, kwa sababu cAdvisor hutunza data zake kwa dakika mbili pekee usipobadilisha, na mwonekano wake ni wa enzi iliyopita. Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni kwamba ukurasa huo una grafu ya matumizi yote, ya kila kori, na ya mgawanyo wa kazi za programu na za kerneli, lakini hauna grafu ya kubanwa. Data bora kabisa iliyomo ndani ya zana hii haionekani kwenye sura yake. Anayeifungua kwa mara ya kwanza kwenye kivinjari anaondoka akiamini ni docker stats yenye rangi. Ifungue kupitia Prometheus, au usijisumbue.

Nayo inakula. Kwenye mashine yenye makontena mengi imewahi kuingia miongoni mwa programu zinazotumia prosesa zaidi, na kipimo kinachowapokonya wale kinaowapima kinaniudhi. Ikiendeshwa peke yake husoma kila sekunde; ninaiweka --housekeeping_interval=10s. Ninaiongezea --docker_only=true ili isihangaike na huduma nyingine za mfumo, na --store_container_labels=false, kwani bila hiyo kila lebo ya kontena inakwenda Prometheus na kuijaza mifuatano isiyo na mwisho. Kisha nazima vipimo nisivyovitumia kwa --disable_metrics, nikianza na cha diski, ambacho kwenye makontena yenye mafaili mengi ni kizito. Baada ya marekebisho hayo inatulia, na sioni sababu ya kuikimbia.

Kuna aina ya kunyimwa ambayo kwa miaka mingi cAdvisor, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikuionyesha. Hesabu za kubanwa zipo pale tu kontena lina kikomo cha prosesa. Kontena lisilo na kikomo haliwezi kubanwa na kerneli kwa njia ile, lakini linaweza kusukumwa na majirani: mashine imejaa, kila mtu anataka prosesa, na programu yako inakaa foleni. Uwiano wa kubanwa hauna jibu, matumizi yako chini, na watumiaji wanalalamika. Dawa yake ni PSI, kipimo cha msongo kilichoingia kwenye Linux 4.20 mwaka 2018 kutokana na kazi ya wahandisi wa Facebook. Kwenye cgroup ya toleo la pili kila kontena lina faili la cpu.pressure, linalosema ni sehemu gani ya sekunde 10, 60 na 300 zilizopita ambamo kuna kazi iliyokuwa tayari kukimbia ikakosa prosesa. Linafuatwa na memory.pressure na io.pressure. Matoleo mapya ya cAdvisor yanazitoa namba hizi, ya prosesa ikiitwa container_pressure_cpu_waiting_seconds_total, na Kubernetes 1.34 ya mwaka 2025 imezifikisha hatua ya beta. Kwangu haya ndiyo maendeleo makubwa zaidi ya zana hii tangu niifahamu. Kama mashine zako zinaruhusu, zihamishie kwenye toleo la pili la cgroup kwa ajili ya hili tu.

Na kwa kuwa msongo sasa unapimika, msimamo wangu juu ya vikomo umekuwa huu: huduma zinazojibu watu naziwekea ombi la prosesa (kiasi ambacho Kubernetes inazitengea) na kuziondolea kikomo, mradi kila jirani kwenye mashine naye ana ombi lake. Ombi linageuzwa na kerneli kuwa uzito, hivyo mashine ikijaa kila mmoja anapata fungu lake, na ikiwa wazi hakuna anayesimamishwa bure. Memori ni tofauti. Huko kikomo hakiondoki, maana memori iliyochukuliwa hairudishwi kwa kusubiri kipindi kijacho, na programu moja inayovuja inaweza kuangusha majirani wote.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama namba hizi zinaweza kupanga maombi na vikomo zenyewe. Zinaweza, kupitia Vertical Pod Autoscaler, nyongeza ya Kubernetes inayopanga maombi ya podi, nami huiweka kwenye hali ya Off ili ipendekeze bila kugusa kitu. Inatunza historia ya matumizi ambayo uzito wake unapungua kwa nusu kila baada ya saa 24, kwa prosesa inachukua kiwango ambacho matumizi hayakukivuka kwa asilimia 90 ya wakati, kisha inaongeza asilimia 15 ya usalama. Pendekezo lake la chini kabisa kwa kawaida ni 25m za prosesa na megabaiti 250 za memori, kwa hiyo ukiona kijiprogramu kidogo kimependekezewa 250 usidhani kimevuja; ndiyo sakafu yake. Kontena likiuawa kwa kukosa memori inalijua hilo, na pendekezo linapanda kwa asilimia 20 au megabaiti 100, ipi iliyo kubwa.

Kwa prosesa haina ujuzi wa namna hiyo. Inajifunza kutokana na matumizi tu, na kontena lililobanwa halijawahi kutumia zaidi ya lilichoruhusiwa, kwa hiyo kilichonyimwa hakimo kwenye historia. Ile huduma ya oda, kwa asilimia nane zake, ingependekezewa kiasi kidogo kuliko ilichokuwa nacho. Ndiyo maana ninapoanza kupima huduma mpya naiondolea kwanza kikomo cha prosesa kwenye mashine yenye nafasi, naiacha ipite kwenye siku zake nzito, mwisho wa mwezi ukiwemo, huku nikitazama cpu.pressure isipande. Uwiano wa kubanwa ukiwa haupo na msongo uko karibu na sifuri kwa muda wote huo, hapo matumizi yaliyoandikwa ni matumizi kamili, na pendekezo linaweza kuingia kwenye faili la usanidi.